Kitabu Kisicho na Jalada

Mpwa wangu, kitinda mimba wa dada yangu, ana tabia ya kusoma huku akicheka peke yake. Siku moja ya baridi, hapa Mbeya, tulikuwa tumekaa sebuleni kwao, jiko la mkaa katikati yetu, naye ameinamia simu yake. Nikamwuliza anasoma nini. Akanijibu kuwa ni riwaya inayotolewa sehemu kwa sehemu, ya msichana anayefanya kazi mapokezi katika hoteli, ambako siku moja anafika mwimbaji mashuhuri, na msichana yule, peke yake katika nchi nzima, hamtambui. Wanagombania ufunguo wa chumba. Baada ya ugomvi yanakuja mapenzi.

"Mjomba," akaniuliza, "hivi mambo haya hutokea kweli?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na dada yangu alikuwa ndani akichambua mchele. Niliona mikono yake imesimama juu ya ungo.

Ndugu msomaji, swali lile mtu mwingine angelijibu kwa neno moja na kuendelea kuota moto. Mimi sikuweza, na sababu yake nimeibeba kwa miaka arobaini bila kumweleza mtu. Nitaieleza hapa tangu mwanzo, maana mwanzo wake ni kitabu cha namna ile ile.

Mwaka 1983 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari ya bweni mjini Iringa. Wanaokumbuka mwaka ule wanakumbuka jinsi vitu vilivyokuwa adimu. Sabuni ilikatwa vipande kwa uzi, sukari tuliisikia kwa wenye jamaa kwenye maduka ya ushirika, na ndio mwaka ambao Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Karatasi nayo ilikuwa adimu, na kwa hiyo vitabu vilikuwa adimu. Kitabu kimoja kilisomwa na bweni zima, kikahamia bweni la pili, kikarudi kimekonda.

Vitabu tulivyovipigania vilikuwa vile vidogo vya kutiwa mfukoni. Faraji Katalambulla alikuwa ametufungulia njia kwa Simu ya Kifo, kilichotoka mwaka 1965. Elvis Musiba akatuletea mpelelezi wake, Willy Gamba, katika Kufa na Kupona cha mwaka 1974. Baadaye akaja Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, na wavulana wengi tukaanza kutembea kama Joram Kiango ingawa hatukuwa na koti wala sigara. Mapenzi yalikuwemo katika vitabu hivyo, lakini yalikuja na bastola, na msichana mzuri wa ukurasa wa ishirini mara nyingi alikuwa maiti kwenye ukurasa wa sitini. Na kama hakuuawa, aliadhibiwa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ni kazi kubwa ambayo hata leo inanitikisa, lakini msichana aliyeisoma hakubaki na hamu ya kupenda.

Basi ndani ya njaa hiyo kikaingia bwenini kwetu kitabu kisicho na jalada. Hatukujua jina lake wala la mtunzi wake. Kilianza ukurasa wa tisa. Kilikuwa na msichana karani, mpiga chapa katika ofisi moja ya Dar es Salaam, na mwimbaji wa bendi ambaye sauti yake ilikuwa katika kila redio. Gari la mwimbaji linaharibika mvua ikinyesha, msichana anamsitiri chini ya mwavuli wake bila kujua ni nani, anamkemea kwa kumkanyaga, na siku ya pili anaisikia sauti ile ile redioni. Hakuna aliyeuawa. Hakuna aliyeadhibiwa. Watu walikosana kwa ajili ya barua iliyopotea na wakapatana kwa ajili ya sahani ya mihogo. Kilikuwa kitabu chepesi kabisa, na kwetu kilikuwa kama sukari katika mwaka usio na sukari.

Kilikuwa na kasoro moja zaidi ya kukosa jalada. Kurasa za mwisho hazikuwepo. Hadithi ilikatika msichana akiwa amesimama nje ya ukumbi, tikiti mkononi, bendi ikipiga ndani. Jumapili tulipanda juu ya jiwe la Gangilonga, lile linaloutazama mji wote wa Iringa, tukabishana jinsi hadithi ilivyokwisha. Wenyeji wanasema jina Gangilonga maana yake ni jiwe linalosema. Kwangu mimi halikusema neno, na lilikuwa na kila sababu ya kunionya, maana ni juu ya jiwe lile ndipo nilipojiona kuwa mtunzi. Wenzangu walikubali kwamba mwisho wangu ndio ulikuwa mtamu kuliko yote.

Desemba nilipofunga shule nilikificha kitabu kile ndani ya blanketi, nikapanda basi pale Ipogolo, tukapita Mafinga na Makambako, tukateremka Chimala, jioni nikawa Mbeya. Dada yangu alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa fundi cherehani Mwanjelwa, na alikuwa na redio. Nikampa kitabu. Alikisoma usiku mmoja kwa taa ya chemli, asubuhi akaniuliza kurasa za mwisho ziko wapi, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Lazima nieleze mtu mashuhuri alikuwa kitu gani kwetu wakati ule, kwa kuwa vijana wa leo hawawezi kuamini. Bara hatukuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzo wa miaka ya sabini, lakini sisi tuliipata mwaka 1994, mwaka ule ule Radio One ilipoanza. Kabla ya hapo ilikuwa Radio Tanzania peke yake. Bendi zilikwenda kurekodi katika studio yake ya Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, na wimbo ukirushwa leo, kesho unaimbwa Kyela, Njombe na Tunduma na watu ambao hawajawahi kumwona mwimbaji hata kwenye picha. Nyota wetu hawakuwa na sura. Walikuwa sauti. Kila msichana alijitengenezea sura mwenyewe na kuivika sauti ile, kama fundi anavyokata gauni kwa mtu ambaye hajampima.

Wala hawakuwa matajiri. Wengi walikuwa waajiriwa wa bendi za mashirika na jumuiya. Juwata Jazz ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, Mlimani Park ilikuwa ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama, na Bima Lee ilikuwa ya shirika la bima. Mwimbaji aliyefanya taifa zima lilie alipokea mshahara wa mwezi na kupanda basi kurudi kwake. Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz mpaka maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979, na watu walimlilia kama ndugu wa damu ambaye hawakupata kumwona. Marijani Rajab, tuliyemwita Jabali la Muziki, mwishoni mwa maisha yake alikuwa akiuza kanda za nyimbo zake mwenyewe katika kibanda karibu na nyumbani kwake Kariakoo, mpaka alipofariki Machi 1995. Katika riwaya nyepesi nyota hushuka kutoka juu kumfuata msichana. Nyota wetu hawakuwa na mahali pa kushukia. Walikuwa mtaani tayari, ila sisi wa mikoani hatukujua.

Dada yangu alimpenda mmoja wao. Jina lake silitaji, na si yeyote kati ya niliokwisha kuwataja. Alikuwa mmoja wa wanamuziki wengi waliotoka Zaire, kama nchi ile ilivyoitwa siku hizo, wakaja kufanya kazi Dar es Salaam. Walianza kuja kwa makundi miaka ya sabini. Orchestra Maquis walikuja mwaka 1972, na Remmy Ongala wa Kindu alifika mwaka 1978. Remmy huyo alijiita mwenyewe Sura Mbaya, na bado watu walimpenda mpaka kituo cha basi huko Sinza kikaitwa Kwa Remmy, jina ambalo halikufutika alipofariki Desemba 2010.

Mwimbaji wa dada yangu alipoimba redioni, cherehani ilisimama. Wateja wake walilijua hilo na walikuwa na subira. Alimtumia salamu redioni kwa kadi, kama watu wote walivyofanya. Kisha, baada ya kusoma kitabu changu kisicho na jalada, akafanya jambo ambalo watu wote hawakulifanya. Alimwandikia barua. Alinionyesha bahasha tu, iliyofungwa vizuri, akaniambia niipeleke posta. Nikaipeleka.

Januari nikarudi Iringa. Kila barua ya dada ilipokuja, mwishoni iliuliza mambo ya shule na kumalizia: "Kule hawajajibu." Kule. Hakutaja kwa nani. Machi hawajajibu. Aprili, mwezi ambao Sokoine alifariki kwa ajali na nchi nzima ikawa kimya, hawajajibu. Katika barua ya Aprili aliongeza kuwa mshenga amekuja nyumbani. Kijana mmoja wa TAZARA, fundi wa mabehewa, mtu mpole, alikuwa ametuma posa. Baba na Mama wameridhika, wanangoja neno lake.

Ningekuwa na akili ningesoma sehemu hiyo mara mbili. Mimi nilisoma "hawajajibu". Nilimhurumia dada yangu, na hilo ni kweli. Lakini kweli nyingine, ambayo sikuikubali mpaka nilipozeeka, ni kwamba nilikuwa na mwisho mtamu wa hadithi na sikuwa na pa kuuweka.

Nikaandika barua ya mwimbaji. Niliiandika kwa siku tisa, kwenye karatasi mbili nilizochomoa katikati ya daftari la jiografia, kwa mwandiko wa kuinamisha nisioutumia darasani. Mwanzo wake naukumbuka mpaka leo, na kila nikiukumbuka masikio yananiwaka: "Waama, ewe uliye mbali na macho lakini karibu na mtima, waraka wako umenifikia kama umande ufikavyo katika ua lililokata tamaa." Nikaendelea hivyo kurasa mbili. Nikamshukuru kwa salamu zake. Nikamwambia kuwa katika maelfu ya barua ni yake tu niliyoiweka chini ya mto. Nikamaliza kwa kusema kuwa bendi itakapofika Nyanda za Juu Kusini, asikose kuja kujitambulisha, kwani nitakuwa nikimtafuta kwa macho. Rafiki yangu wa bweni alikuwa mtu wa Dar es Salaam. Tulipofunga shule mwezi Juni aliiweka posta ya kwao, ili ipigwe muhuri wa kwao.

Barua ilifika nikiwa nyumbani kwa likizo. Nilimwona dada akiipokea. Hakupiga kelele kama nilivyofikiri. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akaisoma, akaikunja, akaiingiza ndani ya kitambaa alichofunga kiunoni, akaendelea kusonga ugali. Ugali ule niliula. Wiki ile yote alikuwa mtu mwingine. Aliimba. Alijishonea gauni la kitambaa cha buluu alichokuwa amekihifadhi tangu mwaka uliopita. Na mshenga alipokuja kutaka jibu, alimwambia Mama awaombe wenzetu wangoje kidogo. Mama alishangaa. Mimi nilitazama chini.

Nilikuwa nikijiambia kuwa hakuna madhara, kwa kuwa bendi za Dar es Salaam haziji Mbeya kila siku. Kumbe yale matangazo ya karatasi yalikuwa yamekwisha kubandikwa Soko Matola. Bendi ile ile ingepiga Mbeya usiku wa Saba Saba.

Msichana wa kwetu hakwenda dansini peke yake. Alikwenda na kaka au na mdogo wake wa kiume, na mdogo wake wa kiume nilikuwa mimi. Mbeya mwezi wa saba, msomaji, si mahali pa gauni jepesi. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Loleza, na tulipotembea pumzi zetu zilionekana. Alikataa kuvaa koti. Alisema koti litaficha gauni.

Ukumbini tulikuta magitaa, tumba, saksofoni na tarumbeta, na wanaume wapatao kumi na watano jukwaani, na ndipo nilipogundua jambo ambalo halikutupitia akilini kabisa. Hatukumjua. Dada yangu aliwatazama mmoja mmoja. Kulikuwa na mrefu mmoja mtanashati mwenye shati jeupe, na nilijua bila kuuliza kuwa huyo ndiye aliyemvika sauti ile miaka yote. Mrefu yule alikuwa mpiga tumba. Wimbo ulipoanza, aliyesogea kwenye kipaza sauti alikuwa mtu mfupi, mnene kidogo, wa makamo, amejifunga skafu shingoni kwa sababu ya baridi yetu na anakohoa pembeni kabla ya kila ubeti. Akafungua mdomo, na sauti ilikuwa ile ile. Dada alifumba macho mpaka wimbo ukaisha. Nadhani alikuwa akiaga.

Wanamuziki walipopumzika, mwimbaji alitoka kusimama chini ya taa ya mlangoni. Dada akaenda. Mimi nikabaki hatua tano nyuma, miguu inataka kukimbia na haina pa kwenda. Akamwamkia kwa heshima, akampa barua. Yule mzee aliisoma polepole, midomo inacheza, akafika mahali akaanza kucheka. Kisha akamtazama dada usoni, kicheko kikamkatikia.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili chao kile kitamu cha Kongo, "hii Swahili ni ya masomo. Mimi siwezi andika hivi hata nikifungwa." Akaikunja barua taratibu, akairudisha kwa mikono miwili. "Mwenye ameandika hii, anakujua. Si mimi. Mimi naimba tu."

Akamwuliza jina na kazi yake. Walipoanza tena kupiga, katikati ya wimbo, kama wanamuziki wa dansi walivyozoea kuwataja watu, alilitaja jina la dada yangu na kusema kuwa yupo ukumbini fundi wa Mwanjelwa ambaye gauni lake limewashinda wote. Watu wakashangilia. Alikuwa mtu mwema yule. Katika usiku ule wote yeye peke yake ndiye aliyefanya jambo linalofanana na riwaya, na alilifanya baada ya kusema kweli.

Tulirudi nyumbani kimya. Tulipokaribia kwetu dada akasema, bila kunigeukia: "Mdogo wangu, hilo neno 'waama' wamewafundisha lini?"

Sikujibu. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta wa nyumba ya jirani, akafuta machozi kwa ukingo wa gauni la buluu. Mimi nikacheka pia, kwa kupata ahueni. Nikafikiri yamekwisha. Kwa miaka arobaini nimefikiri yamekwisha, kwa sababu alicheka.

Yule kijana wa TAZARA alihamishiwa karakana ya Mpika, Zambia, kabla ya mwezi wa tisa. Wazee wake walisema wamengoja vya kutosha, posa ikafa. Dada aliolewa mwaka 1989 na mtu mwingine, mtu mwema, Mungu amrehemu, na yule mpwa anayesoma huku akicheka ndiye kitinda mimba wao.

Sasa turudi kwenye jiko la mkaa na swali lililoachwa hewani. Dada alitoka jikoni na ungo wake, akaketi.

"Hutokea," alimjibu binti yake. "Mimi niliandikiwa barua na mwimbaji. Mwulize mjomba wako."

Ikabidi niyaeleze yote haya mbele yao. Mpwa wangu alicheka sana kwenye umande na ua, akataka kuiona barua. Mama yake akamwambia karatasi zilikuwa adimu siku zile, kwa hiyo aliikatia kola za mashati, na kola zenyewe zilikaa vizuri. Mimi nikasema, ili kumaliza, kwamba angalau tulicheka.

"Wewe ulicheka," dada akasema. "Mimi nilikuwa naona aibu, na mwenye aibu hucheka. Hukuwahi kuniomba radhi."

Nikasema labda kijana wa TAZARA hakuwa fungu lake. Akatikisa kichwa.

"Yule usimtie. Sijui mpaka leo ningemjibu nini. Pengine ningemkataa. Lakini sikupata kujua, kwa sababu wiki zile nilizopaswa kumfikiria nilikuwa nafikiria barua yako. Kwamba mwimbaji hakuniandikia hainisumbui. Mtu mzima anajua. Nilimwandikia kama mtu anavyoimba akifua, hangoji kujibiwa. Wewe ukanijibu. Halafu ukakaa kwenye meza yangu, ukala ugali wangu, unanitazama ninavyoamini."

Nimeyafikiria maneno hayo kila siku tangu hapo, na yamenifundisha kitu kuhusu riwaya nyepesi ambacho sikukipata Gangilonga. Watu wenye elimu huzidharau riwaya za namna hii na kusema zinawadanganya wasichana. Nami niliwahi kusema hivyo mbele ya watu, kwa sauti nzito. Sasa naona hazimdanganyi mtu. Riwaya ina jalada. Jalada linamwambia msomaji: hii ni hadithi, ingia ukitaka, toka ukichoka, na mwisho wake ukikufurahisha furaha hiyo ni yako na hakuna anayekudai. Msichana wa mapokezi na mwimbaji wake hawamzuii mpwa wangu kuwahi kazini kesho asubuhi. Dada yangu naye, pamoja na salamu zake za redioni, alikuwa salama kabisa. Alijua yuko ndani ya hadithi. Aliyemdhuru ni yule aliyeichukua hadithi, akaibandua jalada, akaitia ndani ya bahasha yenye muhuri wa posta.

Leo wabanduaji majalada ni wengi kuliko siku zangu. Nyota wa sasa ana sura, ana picha kila saa, na kijana wa Mwanjelwa anaweza kumwandikia bila stempu. Lakini anayejibu ni nani? Wapo wanaofungua kurasa kwa majina ya waimbaji na waigizaji mashuhuri, wakawaandikia wasichana na wavulana maneno matamu, wakamalizia kwa kuomba watumiwe fedha kwa simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalihesabu kosa hilo la kujifanya mtu mwingine, na ninaposoma habari za waliokamatwa huwa siwezi kuwalaani kwa sauti kubwa. Mimi sikuomba fedha. Nilichukua wiki tatu na jibu moja ambalo halikupata kutolewa, na vitu hivyo havirudishwi kwa kutuma namba ya siri.

Basi pale sebuleni nikasema: "Dada, nisamehe."

"Sema mbele ya mtoto ulikosa nini," akaniambia, "asije akafikiri ni kwa ajili ya 'waama'."

Nikasema. Nilisema kwamba nilimfanya aamini jambo nililojua si la kweli, nikakaa naye nyumba moja, nikanyamaza. Mpwa wangu safari hii hakucheka.

"Nimesikia," dada akajibu. Hakusema zaidi ya hapo, nami sikumwomba azidishe. Akanisogezea ungo, nikachambua mchele uliobaki, nikatoa mawe kama yalivyokuwa, mengi. Baadaye mpwa wangu akatusomea kwa sauti sehemu iliyofuata ya riwaya yake. Msichana wa mapokezi alikuwa amegundua mgeni wake ni nani, na amekasirika. Dada yangu alisikiliza kwa makini, akauliza itaendelea lini.

Kurasa za mwisho za kile kitabu cha Iringa sikuzipata kamwe. Nilichoweza ni kuandika zilizobaki za hadithi hii nyingine, kama zilivyotokea. Dada amezisoma kabla hazijaenda kwa mpiga chapa, na amefuta maneno mawili tu. Na safari hii kitabu kina jalada, na jina langu lipo juu yake.